Homa ya Kilima cha Kiruru

Kambi ya Kiruru, Hifadhini
4 Februari 2024

Ndugu yangu Ndwiga,

Natumaini barua hii inakukuta bado una vidole vyote, maana nilisikia buchari yako imepata msumeno wa umeme wa kukatia mifupa, na mimi nakujua. Msalimie mkeo Mama Gichovi na watoto. Mwambie ule muguka aliotuma ulifika umekauka kama majani ya chai, lakini askari wa hifadhi waliutafuna hivyo hivyo na wakauliza mwingine unakuja lini. Hawa ni Wameru waliokua na miraa yao, na bado waliutafuna. Sisi hatujambo. Rwamba wangu amepoteza meno ya mbele na sasa nyimbo za shule anaziimba kwa mluzi.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kama watu wa zamani. Hapa kambini hakuna netiweki. Kuna redio ya ofisi, lakini nikiitumia kusema mambo ya nyumbani, mkubwa wetu Kithinji atayasikia, na kila askari wa doria mpaka upande wa pili wa hifadhi. Barua huwa tunampa dereva akienda Ruiri kuchukua chakula. Anaiacha dukani kwa Idrisi, naye Idrisi anampa mtu wa kwanza mwaminifu anayeelekea Embu. Kwa hivyo usitarajie miujiza.

Sasa maneno yenyewe. Kazi yangu unaijua, nakaa na mitambo inayosikiliza kilima. Kila mtu anasema Kiruru imelala tangu kabla ya babu wa babu zetu. Ndugu yangu, haijalala. Inajigeuzageuza. Ardhi inatetemeka, chini kuna joto kuliko mwaka jana, na kwenye nyufa inatoka hewa nzito ambayo huioni kwa macho, inatiririka kwenda mabondeni kama maji. Juzi nilikuta kwale wamekufa korongoni, hakuna hata mmoja mwenye jeraha. Hewa hiyo ikishuka asubuhi moja ambayo haina upepo, inaweza kufika bondeni Kianda. Na Kianda ndiko aliko baba.

Nimeandika ripoti. Kithinji ameisoma, ametikisa kichwa, ameipeleka makao makuu, na makao makuu wamesema wanaunda kamati. Wakati huo huo tumetia sahihi kwamba hakuna mfanyakazi atakayetoa nje habari za kilima, watalii wasije wakaogopa. Kithinji anazisoma barua zetu getini. Hii ya leo nimemshonea dereva ndani ya koti.

Kwa hivyo shika hili vizuri. Kuanzia sasa nikiandika Mama, ni kilima. Mama yetu ametangulia, lakini Kithinji hajui hilo, na hakuna anayemshuku mtu kwa kuandika habari za mama yake. Najua wewe unamwita binti yangu Mama kwa sababu amebeba jina la marehemu. Mimi nikimtaja mtoto nitaandika Rwamba. Mama ni kilima, Rwamba ni mtoto. Usichanganye.

Na nakuomba jambo moja, najua utakunja uso. Mwite baba arudi Gachoka. Nimemwambia ahame, sikumwambia sababu, maana baba ukimpa jambo asubuhi, jioni liko sokoni na mimi niko bila kazi. Amesema atarudi siku ile wewe utakapomwita yeye na Gladys pamoja, kwa jina. Ndwiga, tangu waoane hujalitamka jina la huyo mama hata kwa bahati mbaya. Ni mke wa baba sasa, upende usipende. Jina lenyewe ni herufi sita tu. Ziandike, na wote wawili watatoka kwenye hilo bonde.

Dada yako,
Wawira

Kambi ya Kiruru
10 Machi 2024

Ndugu yangu Ndwiga,

Salamu za hapa ni njema, isipokuwa kimya chako kinanitia wasiwasi. Mvua hakuna, maji tunaletewa na trela, na nyani wamejifunza kufungua mlango wa jiko. Bwana Kithinji, ambaye ni mtu mwangalifu sana na barua za watu, nina hakika anakusalimu.

Mama haendelei vizuri hata kidogo. Ana joto, na linazidi kupanda. Anatetemeka sana. Kinachonitisha zaidi ni pumzi yake, imekuwa mbaya, na aliye karibu naye iko siku itamdhuru. Wakubwa wamearifiwa, wanasema tungoje. Tafadhali mwondoe baba karibu naye. Ningekuwa na uwezo ningewaondoa watu wote wa Kianda, lakini angalau baba. Fanya lile nililokuomba. Ni jina tu, Ndwiga, jina tu.

Dada yako,
Wawira

Gachoka
28 Machi 2024

Dada yangu mpendwa Wawira,

Bwana asifiwe. Huku tuko, jua linatupiga mpaka ng'ombe wamekonda, wateja wananiuliza kama nauza nyama au nauza fremu. Mama Gichovi ni mzima. Vidole vyangu ni vizima. Unasema nimenyamaza, sasa ningejibu nini? Barua yako niliyoiona ni hii moja, nyingine sijui ilienda kwa nani.

Lakini Wawira! Mtoto ana joto linapanda, anatetemeka, pumzi imeharibika, na wewe unangoja wakubwa? Wakubwa gani hao? Kwani hospitali ya Meru imehamia mwezini? Mama Gichovi alipoisoma alikaa chini hapo hapo, juu ya gogo la kukatia nyama, na wateja wamesimama. Huyo mtoto ni mama yetu mzima, jina na sura na ukali. Tukimpoteza mara ya pili nitakulaumu wewe mpaka siku ya kiama.

Umesema jina tu. Nikajiuliza, jina gani? Mama Gichovi akasema si ni wazi, ni jina la kuombewa. Jumapili likasomwa mbele ya kanisa, Rwamba wa Wawira. Akina mama walilia. Mchungaji aliomba mpaka chakula cha watu kikapoa, na kikundi cha wamama kimefunga tangu Jumatatu.

Sikuishia hapo. Kwa vile umesema pumzi yake inadhuru walio karibu, na kwamba ungeondoa watu wote wa Kianda, nilimpigia Idrisi simu. Nikamwambia, Idrisi ndugu yangu, huko kilimani kumeingia maradhi ya kuambukiza, mtoto wa dada yangu anayo, watu wa bondeni waondoke haraka. Idrisi ni mtu wa msaada, hakuuliza maswali mengi. Akaniambia, "Wallahi leo hawalali pale." Nikamwomba aanze na Mzee. Mimi mwenyewe kumpigia Mzee unajua haiwezekani, tena sitaki simu ije ishikwe na yule jirani aliyemwoa.

Mfunge mtoto kitambaa mdomoni, na wewe ulale chumba kingine.

Kaka yako,
Ndwiga

Kambi ya Kiruru
2 Aprili 2024

Ndwiga,

Salamu zangu leo ni hizi: Rwamba hajambo, Rwamba hajawahi kuugua, Rwamba anakula kama askari. Na leo naandika wazi kabisa. Kithinji hana nafasi ya kusoma barua za watu, na aliyemnyima nafasi ni wewe.

Barua yangu ya Februari hukuipata. Dereva alienda likizo na koti lake, na barua ikiwa ndani. Humo nilikueleza Mama ni nani. Mama ni kilima, Ndwiga! Ni Kiruru! Yule mwenye joto ni kilima, mwenye pumzi mbaya ni kilima, na mwenye kichwa kigumu ni wewe.

Mwaka mzima nimeandika ripoti zenye michoro ya rangi ili watu wa Kianda wahamishwe. Idrisi wako amewahamisha kwa neno moja. Wamehama na kuku wao, wengine wameng'oa hata milango. Mwenyekiti wa kijiji, aliyeniambia usoni kwamba yeye hawezi kutishwa na mawe, ndiye alikuwa wa kwanza juu ya lori. Halafu watu wa afya wakaja na mavazi meupe, wakampima Rwamba kila mahali, wakaandika kwamba ana upungufu wa meno. Kithinji amekaa ofisini anaandika maelezo. Siri ya kilima haijatoka, hilo ana hakika nalo. Sasa hajui aseme ni nini kilichotoka.

Ningecheka, na nilikuwa nimeshaanza kucheka. Kisha jana mchana nikamwona baba anapanda ile njia ya askari, na mfuko wa machungwa begani. Kijiji kizima kinashuka, yeye anapanda. Idrisi alimwambia wa kwanza kama ulivyoagiza, na alichosikia yeye ni kwamba mke wake mdogo anaumwa. Unajua ndivyo anavyomwita Rwamba. Siku zile tatu nne zote amezunguka kwa njia ndefu, akilala kwa watu, goti lile likimsumbua. Akamkuta mgonjwa anaruka kamba. Alikaa chini kwenye mchanga akalia, halafu akainuka akanitukana kwa Kimbeere, maneno ambayo sikujua baba yangu anayajua.

Nimemweleza habari ya kilima yote, na sasa liwe liwalo. Huku juu tuko salama, hewa ile haipandi, inashuka tu. Amekubali kukaa nasi. Shida ni Gladys. Baba alipoondoka alimwambia akusanye mbuzi amngoje nyumbani. Wanasema nyumba zote ni tupu, lakini hakuna aliyemwona Gladys juu ya lori. Idrisi hajui, simu yake imezimwa. Nimeomba kushuka nikamtafute, nimekatazwa, barabara ya bondeni imefungwa. Ukiwa na habari zake, hata neno moja, tuma kwa yeyote anayekuja huku. Sijui nitamzuia baba mpaka lini.

Wawira

Gachoka
3 Aprili 2024

Dada yangu Wawira,

Koti limefika! Kumbe dereva wenu ni mtu wa Kiambere. Likizo imeisha, akapitia buchari yangu, akavua koti, akaomba makasi. Nilisoma nikiwa nimesimama, nikasoma tena nimekaa. Mama Gichovi akaniuliza ni nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, ila tumeombea kilima.

Kanisa zima, Wawira! Na kufunga juu yake! Mchungaji sijapata nguvu za kumwambia. Amesikia mtoto ni mzima na ameshapanga ibada ya shukrani.

Lakini nilipomaliza kuona haya nikaogopa. Hiyo habari ya kwale imeninyima usingizi. Nikachukua pikapu ya jamaa wa muguka, wale wanaokimbia kama wameiba, tukafika Kianda kabla barabara haijafungwa. Kijiji kimya, mbwa tu. Nikaambiwa Mzee ameshapanda kwako, nikashukuru. Basi mbuzi wake wote nimewaleta, kuku nimewaleta, magodoro pia, na nyumba nimeipiga kufuli. Mbuzi wako hapa wanamaliza ua la Mama Gichovi. Mwambie Mzee asisumbuke, kila kitu kilichokuwa pale kiko Gachoka. Nyumba yangu imejaa kidogo siku hizi, sina la kuongeza juu ya hilo.

Yale mengine uliyoniomba ndani ya koti, zile herufi, nitaongea na Mzee mwenyewe atakapokuja. Hayo si mambo ya karatasi.

Dereva huyu anarudi kazini karibuni, nampa hii aibebe mfukoni kama watu wa kawaida.

Kaka yako,
Ndwiga

Kambi ya Kiruru
12 Aprili 2024

Ndugu yangu,

Idrisi atakuwa amekupigia kabla hii haijafika, kwa hivyo unajua. Pole, Ndwiga. Pole yetu sote.

Barua yako ya tarehe tatu ililetwa juzi jioni na nikamsomea baba. Pale pa kuombea kilima alicheka mpaka Rwamba akaja kuona kuna nini. Nilipofika mwisho aliniomba nisome tena kuanzia mwanzo, polepole, nisiruke kitu. Nikasoma tena. Akasema, "Haya." Kisha akaenda kulala.

Asubuhi hakuwepo. Kumbe aliamka usiku wa manane akashuka Kianda kwa njia ya mkato kuchukua redio yake. Unajua alivyoipenda hiyo redio. Hakukuwa na upepo kabisa. Askari walimfuata wamevaa vinyago vya hewa, wakamkuta ameketi mlangoni, kama mtu anayeota jua. Hana jeraha. Kufuli lako lilikuwa limevunjwa kwa jiwe na mlango uko wazi.

Kilima hakikulipuka. Hakikutoa hata sauti. Leo makao makuu wametoa taarifa yao ya kwanza, wanasema Kiruru ni tulivu na wageni wanakaribishwa.

Mwili uko mochari, Meru. Njoo na gari, na uje na blanketi lake lile la kijani.

Wawira

Gachoka
5 Mei 2024

Wawira,

Tangu tuzike na wewe urudi kazini nimeanza barua hii mara nyingi, na kila karatasi naishia kufungia nyama. Sisi ni wazima. Mbuzi wa Mzee wawili wamezaa. Mchungaji ameuliza tena kama ile ibada ya shukrani bado iko, nikamwambia tuiache kwanza.

Uliniandikia kwamba baba alishuka kuchukua redio. Redio ya baba iko hapa kwangu, mezani. Ilikuja na magodoro, aliibeba Gladys mapajani kutoka Kianda mpaka hapa. Siku ya mazishi ulikaa mbele ya hiyo redio. Wakaanza matangazo ya vifo, wakasoma jina la Mzee Ngari wa Gachoka, na wewe ukanyoosha mkono ukaizima, ukaendelea kumimina chai. Hukuniangalia. Nilidhani ni uchungu. Nimeelewa juzi, nikiwa nakata mfupa, na nikauacha mfupa hapo hapo.

Hakufuata redio. Alimfuata Gladys. Na Gladys alikuwa jikoni kwangu anaosha sufuria. Nilimkuta pale nyumbani na mbuzi, amefunga leso kichwani, anamngoja mumewe kama alivyoambiwa. Ningemwacha? Mimi si mnyama. Nilimpandisha mbele kwenye pikapu, nikakaa nyuma na mbuzi ili nisizungumze naye. Kisha nikafika hapa nikakuandikia. Niliandika mbuzi, Wawira. Niliandika kuku. Nilitaja mpaka magodoro.

Nilisema moyoni, Mzee akija atamwona mwenyewe, kwani kuna haraka gani. Barua yako ya kumuulizia Gladys ilinifikia Mzee akiwa ameshakufa. Nilitaka aje aniombe. Hilo ndilo nililotaka, nakwambia wewe tu.

Jana Gladys ameniuliza, "Ndwiga, ulimwandikia baba yako kwamba niko huku?" Nikamwambia niliandika. Akauliza, "Sasa alikuwa anatafuta nini kule?" Nikasema labda barua ilichelewa. Alinitazama, akarudi kuchambua maharagwe. Anasema atakuandikia wewe akuulize. Utakalomjibu ni juu yako. Mimi sina uso wa kukuomba kitu.

Ndwiga

Ruiri
26 Mei 2024

Kwa mama yetu Gladys,

Nakusalimu sana, na Rwamba anakusalimu. Meno yameanza kuota, ila moja limekuja kwa upande. Anwani yangu sasa ni dukani kwa Idrisi, maana kambini nimeambiwa nipumzike mpaka wamalize kuchunguza ni nani alisema nini. Bondeni Kianda watu wameanza kurudi. Wamesikia maradhi yameisha. Nimesimama njiani kuwazuia, wananiuliza kama bado nina homa.

Barua yako nimeipata na maswali yako nimeyasoma. Nitayajibu yote.

Ni kweli, baba hakushuka kuchukua redio. Hilo nililiandika mimi, na unisamehe. Alishuka kukuchukua wewe. Siku zote alizokaa na sisi huku hakuulizia mbuzi, hakuulizia nyumba, aliuliza Gladys yuko wapi mpaka askari wakawa wanamjibu kabla hajafungua mdomo.

Barua ya Ndwiga ilifika, lakini ilichelewa. Dereva aliileta baba akiwa ameshashuka. Ingefika jana yake angekaa, na leo mngekuwa pamoja.

Umeniomba nikutumie hiyo barua uisome kwa macho yako. Haiwezekani, mama. Siku ya mazishi nilimtilia baba mfukoni, akaenda nayo. Kaa hapo Gachoka, ni kwako. Ndwiga ni mgumu, mvumilie. Jina lako aliliandika, nililisoma mimi mwenyewe.

Binti yako,
Wawira